Tulimlilia Mandela mwaka 1984, naye alikuwa hai

BARUA

Shikamoo Mjomba,

Nakuandikia kutoka Voi. Nyumbani kwetu kumeingia ugomvi ambao nikimsimulia mtu wa nje anacheka, lakini sisi wenyewe hatucheki. Tangu Pasaka ndugu zangu wawili hawasalimiani, na Mama amejifungia na kimya chake.

Tumezaliwa wanne, mimi ni wa pili. Baba yetu alikuwa Mtanzania, fundi mwashi, na Mama ni Mtaita wa huku. Sote tulizaliwa Morogoro. Miaka ile Baba alikuwa akijenga Mazimbu, kule walikoishi wakimbizi wa Afrika Kusini, watu wa ANC. Alipata marafiki wengi huko. Walikuja kwetu Jumapili kula ugali, wakatufundisha nyimbo zao, na sisi watoto tukawaita makomredi bila kujua maana yake. Mwaka 1985 tukahamia Voi kwa kina Mama, na hatukurudi tena kuishi Tanzania. Baba alifariki 1999.

Kitinda mimba wetu anaitwa Nelson. Habari ya jina lake tumekua nayo sote: kwamba alizaliwa siku chache baada ya Mandela kufa gerezani, Morogoro nzima ikiwa na msiba, na Baba akampa jina la marehemu. Cheti chake kinasema 15 Aprili 1984. Mama husimulia hivyo kila mwaka siku ya kuzaliwa kwake, na hakuna aliyewahi kubisha, kwa sababu kila mmoja wetu anakumbuka.

Kaka yetu mkubwa alikuwa na miaka 12. Anakumbuka redio ikipiga nyimbo za maombolezo, na sauti ya Mwalimu Nyerere mwenyewe akitangaza kifo. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka Baba amekaa mlangoni na redio mapajani, watu wanaongea kwa sauti za chini, na Mama na tumbo lake kubwa akilia. Nakumbuka pia kwamba makomredi hawakuja kwetu kwa muda, nikamuuliza Baba, akaniambia wana majonzi. Mdogo wangu wa kike alikuwa na miaka sita tu lakini yeye ndiye anayekumbuka zaidi: anasema tulitazama mazishi kwenye televisheni ya jirani pale Morogoro, jeneza limefunikwa bendera ile ya Afrika Kusini ya rangi nyingi, limewekwa juu ya gari la mizinga, na wanajeshi wanatembea kandokando.

Sasa Pasaka hii Mama alipoanza kusimulia, binti wa kaka, aliye kidato cha pili, akatoa simu. Akasoma mbele ya watu wote: Mandela alitoka gerezani 1990, akawa rais 1994, akafa 2013. Akamwambia bibi yake, "Bibi, hiyo hadithi ni ya uongo." Kaka badala ya kumkanya mtoto akasema ni kweli, Mama ndiye aliyetujaza maneno na sisi tukameza. Nelson akasimama. Tangu siku ile amekuwa akitutumia video usiku na mchana, za watu wa Marekani na kwingineko ambao pia wanakumbuka Mandela akifia gerezani. Anasema wapo maelfu, kwamba jambo hilo lina jina lake, kwamba kulikuwa na ulimwengu mwingine ambamo Mandela alikufa kweli na sisi tumevushwa kuingia huu. Kaka amemwita mwendawazimu. Nelson amemjibu kwamba amemdhalilisha Mama. Imeishia hapo.

Mume wangu naye ameongeza lake. Anasema Mama, mwenye miaka 78, ubongo unamchoka na apelekwe hospitali akapimwe. Mama amesikia. Tangu hapo hasimulii chochote. Ukimuuliza jambo la zamani anajibu, "Waulizeni wenye simu."

Mjomba, mimi si mtu wa mambo ya ulimwengu mbili. Najua Mandela hakufa 1984. Alipotoka gerezani tulikuwa hapa Voi, tukamwona kwenye televisheni, tukashangilia kama watu wote. Baba alimnunulia Nelson soda siku ile akamwambia, "Somo yako ametoka." Lakini bado ninauona ule msiba. Nikifumba macho naiona redio mapajani mwa Baba. Watu wanne tunawezaje kukumbuka jambo moja ambalo halikutokea?

Na kuna haraka. Desemba ukoo wote unakutana, na Kaka anaandaa kijitabu cha familia cha kuchapisha. Ile sentensi ya kuzaliwa kwa Nelson ameifuta. Nelson anasema ikifutwa yeye haji. Tuandike nini? Na Mama apelekwe hospitali?

Wako,
Wa Pili, Voi


JIBU

Marahaba, mpwa wangu.

Nianze na Mama, kwa kuwa yeye ndiye anayeumia. Mume wako apumzike kidogo na udaktari wake. Mzee anayeanza kupotewa na akili hujulikana kwa mambo ya leo: anauliza swali lile lile mara nne kabla ya chai kupoa, anapotea njia ya sokoni aliyoipita miaka thelathini, anaacha jiko linawaka, anashindwa kuhesabu chenji. Mkiyaona hayo, mpelekeni bila kuchelewa na bila kumwambia kwamba mnampeleka kwa sababu ya Mandela. Lakini mtu ambaye amesimulia hadithi ile ile, kwa maneno yale yale, kwa miaka arobaini, hana dalili ya ugonjwa hapo. Kama kukosea tarehe ya jambo la zamani ni ugonjwa, na wewe uliye mdogo kwake kwa miaka mingi ungelazwa kitanda cha pili, maana mmekosea pamoja.

Sasa nirudi kwenye soda.

Umeiandika kwa kupita tu, wala hukuona ulichokiandika. Tarehe 11 Februari 1990 Mandela anatoka gereza la Victor Verster, dunia nzima inatazama, na Baba yako anamwambia mtoto wa miaka mitano, "Somo yako ametoka." Hakumwambia amefufuka. Hakuna mtu nyumbani kwenu aliyeangusha kikombe. Mama hakupiga yowe. Wewe mwenyewe, msichana wa miaka 15, ulishangilia "kama watu wote". Hebu fikiri: kama familia yenu ilikuwa imemlilia huyo mtu miaka sita kabla, ikampa mtoto jina lake kama marehemu, basi siku ile ingekuwa siku ya ajabu kuliko zote mlizowahi kuishi. Mngekuwa mnaisimulia hiyo, si ile ya 1984. Na Julai mwaka huo huo Mandela akaja Kenya kwa miguu yake, na bado hakuna aliyeuliza, "Kwani huyu hakuzikwa?"

Maana yake, mwaka 1990 nyumbani kwenu hakuna aliyekuwa akiamini kwamba Mandela alikufa. Imani hiyo iliingia baadaye. Mwambie Nelson alitafakari hilo taratibu kabla hajatuma video nyingine, kwa sababu hakuna ulimwengu wa pili unaoweza kulijibu.

Lakini msiba mnaoukumbuka ulikuwepo. Hapo kaka yako amemkosea mama yenu, na amekosea vibaya.

Tazama cheti cha Nelson. Aprili 15, 1984, Morogoro. Mtu aliyekulia Tanzania akiisoma tarehe hiyo na mji huo pamoja, anajua la kusema kabla hajamaliza. Alhamisi ya tarehe 12 Aprili 1984, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alikuwa njiani kutoka Dodoma kwenye Bunge kwenda Dar es Salaam. Gari lake likagongwa Dakawa, mkoani Morogoro, akafa. Alikuwa na miaka 45, na alipendwa kwa namna ambayo viongozi wachache wamependwa, hasa baada ya kampeni yake ya 1983 dhidi ya wahujumu uchumi. Jioni ile Mwalimu Nyerere alitangaza mwenyewe redioni. Nchi ikaingia kwenye maombolezo, na Sokoine akazikwa kwao Monduli. Siku tatu baada ya ajali, katika mkoa ule ule ilipotokea, mama yako akamzaa Nelson.

Kwa hiyo kaka yako na sauti ya Nyerere yuko sahihi. Wewe na redio mapajani uko sahihi. Mama yenu na tumbo lake na machozi yake, naye yuko sahihi. Mmekosea jina la maiti tu.

Na makomredi? Hapa ndipo barua yako iliponisimamisha. Gari lililogongana na la Sokoine liliendeshwa na kijana wa Afrika Kusini, mkimbizi wa ANC. Jiweke mahali pao. Uko ugenini, umepewa ardhi na wenyeji wako, na mwenzenu ndiye aliyekuwa nyuma ya usukani wa gari lililohusika katika kifo cha waziri mkuu wao. Wiki hiyo ungetoka Mazimbu kwenda kwa fundi mwashi Mtanzania kula ugali? Wewe mtoto wa miaka tisa uliona tu kwamba wageni wa Jumapili hawaji na kwamba wana majonzi. Waafrika Kusini wanaomboleza: nani mwingine mtoto angedhani amekufa?

Halafu Aprili yenyewe, pale Mazimbu, ilikuwa na marehemu wake. Shule ya ANC iliyojengwa hapo, ambayo huenda kuta zake kadhaa zilipita mikononi mwa Baba yako, ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Nyimbo mlizofundishwa na makomredi, sitashangaa kama mojawapo ilikuwa ya huyo. Shujaa wa Afrika Kusini, gerezani, akauawa: hilo ni kweli kabisa, lilimtokea Mahlangu. Lilimtokea pia Steve Biko, aliyefia mikononi mwa polisi tarehe 12 Septemba 1977. Na hata leo majina haya yamekaa pamoja mahali pamoja. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Morogoro kilianzishwa 1984 kikapewa jina la Sokoine, ANC ikaikabidhi Mazimbu kwa Tanzania mwaka 1992, na Mazimbu ikawa kampasi ya chuo hicho, inaitwa Kampasi ya Solomon Mahlangu. Mwanafunzi anayesoma hapo anaandika majina yote mawili kwenye karatasi moja ya mtihani.

Kilichowapoteza ni kuhama. Mngebaki Morogoro, kila Aprili redio ingewakumbusha Sokoine, na shuleni mngeimbishwa habari zake. Nelson angekua akiambiwa, "Wewe ulizaliwa wiki ya Sokoine," kama wanavyoambiwa wenzake wengi wa umri wake. Lakini mkavuka mpaka mwaka 1985. Voi nani angewatajia Sokoine? Jina lile likakosa mtu wa kulirudia. Mandela, kinyume chake, alikuwa kila mahali: kwenye redio, kwenye fulana, na nyumbani kwenu anaitwa kula kila siku, kwa sababu mtoto ana jina lake. Msiba ukabaki bila mwenyewe, na jina lilikuwepo tayari mezani. Baba, ambaye angeweza kuwasahihisha, akafariki 1999.

Sasa mdogo wako wa kike na lile jeneza. Sitaki mumcheke, ila yeye ndiye ametuachia alama za wazi kuliko wote. Televisheni pale Morogoro mwaka 1984? Zanzibar walikuwa nayo, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo chake cha televisheni mpaka 1994. Bendera ya rangi nyingi? Bendera ile ya Afrika Kusini ilianza kupepea tarehe 27 Aprili 1994, siku ya uchaguzi wa kwanza wa watu wote. Mwaka 1984 haikuwa imebuniwa. Na jeneza lililofunikwa bendera hiyo, juu ya gari la mizinga, wanajeshi kandokando, ni mazishi ya Mandela kule Qunu, tarehe 15 Desemba 2013, yaliyorushwa moja kwa moja duniani kote. Alikuwa na miaka 35, si sita. Aliyatazama sebuleni kwake hapo Kenya, kisha akili ikayachukua na kuyapeleka Morogoro, kwa sababu huko ndiko kulikuwa na msiba usio na picha.

Umeniuliza watu wanne wanawezaje. Swali zuri, na wataalamu wamelishughulikia kwa muda mrefu. Tarehe 4 Oktoba 1992 ndege ya mizigo ya El Al iliangukia majengo ya makazi ya Bijlmer, Amsterdam. Hakuna kamera iliyoinasa ikigonga. Miezi kadhaa baadaye Hans Crombag na wenzake wakawauliza Waholanzi: mliona kwenye televisheni ile picha ya ndege ikigonga jengo? Zaidi ya nusu wakasema ndiyo, na wengine wakaeleza ilivyoingia. Watu hawa hawakuwa waongo, na hawakupanga pamoja. Waliona majengo yanawaka, walisikia habari ikirudiwa, wakaulizwa swali lililobeba jibu ndani yake, na akili ikachora kilichokosekana.

Wengine, akina Roediger huko Marekani, waliwaketisha watu wawiliwawili, wakawaonyesha picha za vyumba vya nyumbani, kisha wakawaambia wakumbuke kwa zamu vilivyokuwemo. Mmoja kati ya wawili alikuwa amepangwa kutaja vitu ambavyo havikuwemo. Baadaye yule mwingine, akiwa peke yake, akavitaja vitu hivyo kama alivyoviona mwenyewe. Hapo ilikuwa kikao kimoja na mtu asiyemfahamu. Ninyi mmekaa mkisimuliana kila Aprili tangu utotoni, mbele ya mama mnayemwamini. Kumbukumbu zenu si nne. Kila Aprili mlikuwa mnaazimana, huyu anachukua redio ya yule, yule anachukua jeneza la huyu, mpaka kila mmoja akawa na hadithi nzima.

Na ile hisia yako ya kufumba macho ukaona? Haithibitishi kitu, mpwa wangu, najua inauma kusikia. Chombo cha anga cha Challenger kilipolipuka tarehe 28 Januari 1986, Ulric Neisser aliwapa wanafunzi wake karatasi kesho yake waandike walikuwa wapi na walisikiaje. Zaidi ya miaka miwili baadaye aliwauliza tena. Kati ya 44, watu 11 hawakupata hata jambo moja sawa na walivyoandika. Walipoonyeshwa karatasi zao za mwanzo, kwa mwandiko wao wenyewe, wapo walioikataa karatasi. Walisema wanavyokumbuka sasa ndivyo ilivyokuwa.

Kwa Nelson, nina maneno machache, na naomba wewe ndiye umfikishie, si Kaka. Ni kweli jambo hili lina jina: linaitwa athari ya Mandela, jina lililoanzishwa na Fiona Broome, Mmarekani, aliyekuta watu wengine wanakumbuka kama yeye kwamba Mandela alifia gerezani miaka ya themanini. Ni kweli wapo wengi. Ni kweli hata kwamba watu hukosea kwa kufanana: wengi wanaapa kwamba yule mzee wa mchezo wa Monopoly ana miwani ya jicho moja, wala hana, na Deepasri Prasad na Wilma Bainbridge walichapisha utafiti wao mwaka 2022 wakionyesha kwamba picha kadhaa maarufu hukosewa vile vile na watu wasiojuana. Kwa nini hasa picha hizo na si nyingine, wao wenyewe hawakupata jibu moja la kufunga mjadala. Lakini Mmarekani anayedhani Mandela alifia gerezani na mtoto wa Mtaita na Mtanzania anayedhani hivyo, hawakufika hapo kwa njia moja. Yule pengine alisikia nusu ya habari za Biko kwenye chuo chake. Ninyi mliishi mkoa ule ule ilipotokea ajali ya Dakawa. Wakijikusanya kwenye video moja wanaonekana kama jeshi, ila kila mmoja ametoka kwake na kosa lake.

Ninachodhani Nelson anakitetea si ulimwengu wa pili. Anatetea jina. Amekua akijua kwamba alipewa jina la mtu aliyekufa wiki ile, kwamba alizaliwa kuziba pengo, na mtoto wa shule amemwambia mbele ya ukoo kwamba ni uongo. Mwambie hivi: Aprili 1984 Mandela alikuwa hai, amefungwa gereza la Pollsmoor karibu na Cape Town, mwaka wake wa 22 kifungoni. Fundi mwashi wa Morogoro akamchagulia mwanawe jina la mfungwa ambaye serikali yake ilikuwa ikimwita gaidi, tena katika wiki ambayo, kwa sababu ya ajali ile, baadhi ya wenyeji huenda hawakutaka kusikia habari za Waafrika Kusini. Kwangu mimi hiyo ni zawadi kubwa kuliko kurithi jina la marehemu. Baba yenu alikuwa akiwaambia rafiki zake kwamba bado wako pamoja.

Binti wa kaka hakukosea kutafuta. Alikosea kumwita bibi yake mwongo hadharani, na baba yake alikosea zaidi kumwacha. Amwombe radhi, kisha apewe kazi: yeye ndiye awe mwandishi wa jambo hili. Anajua kutafuta, aoneshwe na kusikiliza.

Utaratibu wenu uwe hivi. Kabla ya kuzungumza chochote, kila ndugu aandike peke yake anachokumbuka: nani alimpa habari, alikuwa amekaa wapi, alisikia jina gani, na lipi ana hakika aliliona mwenyewe. Mama aulizwe na yule mjukuu, wakiwa wawili tu, maswali yasiyobeba jibu. Asiulizwe, "Bibi, aliyekufa si Sokoine?" Aulizwe, "Bibi, wiki aliyozaliwa baba mdogo, mjini kulikuwaje?" Kisha mjukuu anyamaze, Bibi asikatizwe hata akizunguka. Aulizwe pia Babu alisema nini siku ya kutoa jina, na nani mwingine alikuwepo. Kama Morogoro bado kuna jirani wa enzi zile, apigiwe simu. Magazeti ya Aprili 1984, kama Uhuru na Daily News, yanaweza kutafutwa kwenye maktaba na nyaraka Dar es Salaam, na ukurasa mmoja wake utapendeza kwenye hicho kijitabu kuliko picha nyingine ya harusi.

Kuhusu sentensi ya kijitabu, Kaka asiifute na Nelson asiing'ang'anie. Mama akithibitisha, andikeni hivi au karibu na hivi:

"Nelson alizaliwa Morogoro tarehe 15 Aprili 1984, siku tatu baada ya ajali iliyomuua Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, nchi ikiwa katika maombolezo. Baba alimpa jina la Nelson Mandela, ambaye wakati huo alikuwa gerezani. Kwa miaka mingi nyumbani tulisimulia kwamba Mandela ndiye aliyekufa wiki ile, na sote tulikumbuka hivyo."

Sentensi ya tatu isiachwe. Wajukuu watakuja kuikuta hadithi ya zamani kwa shangazi fulani au kwenye kaseti fulani, na bila hiyo sentensi wataanza ugomvi wenu upya.

Jambo moja la mwisho, na ni la lazima. Jibu hili usilitume kwenye kundi la familia leo. Ukilituma, kesho wote watakuwa "wanakumbuka" Sokoine, na kaka yako ataapa kwamba alijua tangu zamani. Subiri karatasi zote ziwe mkononi mwako na Mama awe amesema yake, ndipo uzisome mbele yao, Kaka na Nelson wakiwa chumba kimoja. Na ikitokea Mama akataja jina la tatu, ambalo si la Mandela wala la Sokoine, niandikie haraka, maana hapo itabidi nianze upya.

Mjomba